Raba Mpya Siku ya Mbio

Akeyo hakuja kugombana. Aliingia dukani saa tano asubuhi, akasalimia, akaketi kwenye benchi la kujaribia viatu, akavua raba ya mguu wa kulia, kisha soksi, halafu akaunyosha mguu mbele ya Jasleen Kaur kama bibi harusi anayeonyesha pete. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi kama zambarau iliyoiva.

"Madam, hebu ona," akasema. "Raba zako zimenipaka rangi."

Jasleen aliinama akautazama ule ukucha. Alimkumbuka huyu dada vizuri. Mwezi mmoja uliopita alikuja akiwa bado na ovaroli ya kazi, fundi wa mabomba ya mvuke kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria, aliyekuwa nyumbani Nakuru kwa mapumziko. Alitaka raba za mbio ndefu. Jasleen alimpima mguu, akamwambia achukue saizi yake ile ile, thelathini na tisa, imkae barabara.

"Zilikukaa vizuri hapa," Jasleen akajitetea.

"Hapa nilikuwa nimeketi. Sasa kimbia kilomita kumi na tano uone. Mguu unavimba kama mandazi kwa mafuta. Kidole kinagonga mbele, kinagonga, kinagonga. Kuna mathe tunakimbia naye, ameniambia ningeacha nafasi ya upana wa kidole pale mbele." Akeyo akavaa soksi yake polepole. "Lakini wewe si unajua hizo mambo? Kwani kwa wiki unakimbia kilomita ngapi?"

Nyuma ya kaunta, Tejinder Singh, baba yake Jasleen, aliacha kupanga mipira akatega sikio. Duka hilo la vifaa vya michezo lilifunguliwa na babake Tejinder, enzi za magongo ya hoki na mipira ya kriketi ya watu wa reli. Tejinder mwenyewe alisimama pale miaka hamsini. Miaka saba iliyopita alimwachia bintiye usukani, ingawa hakuacha kuja kila siku. Jasleen, mwenye miaka arobaini na mitatu, alijua kwa moyo kila kilichoandikwa kwenye maboksi: uzito wa raba, unene wa soli, jina la povu lililomo ndani. Shuleni aliwahi kuwa golikipa wa hoki, na aliichagua nafasi hiyo kwa sababu golikipa ndiye anayekimbia kidogo kuliko wote.

"Sifuri," akajibu.

Akeyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Ai, madam! Hiyo ni kama mimi niuze sufuria na sijawahi kupika hata ugali."

Kicheko chake hakikuwa na sumu, na labda ndiyo maana kilimchoma Jasleen zaidi. Aliingia stoo, akatoa raba aina ile ile, saizi arobaini, akambadilishia, ingawa zile za zamani zilikuwa zimeshachakaa soli. Akeyo alizijaribu akiwa amesimama, akarukaruka, akaridhika. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunapita kona ya Milimani tukipanda Menengai. Kuja. Utajua unachouza."

*

Jasleen aliishi huko huko Milimani, hatua chache kutoka kwenye hiyo kona, kwa hiyo hakuwa na kisingizio. Ijumaa jioni alizunguka dukani na kikapu akikusanya kila kitu alichowahi kumwambia mteja kwamba ni cha lazima. Jumamosi alfajiri alisimama pale kona akiwa amevaa raba mpya, kofia, miwani ya jua, saa ya kupima mapigo ya moyo, mkanda wa kiunoni wenye vichupa vinne vya maji, simu iliyofungwa mkononi, soksi ndefu za kubana misuli, na jaketi la mvua, japo mbingu ilikuwa safi kama sahani.

Akeyo alitokea akiwa na mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu. Walikuwa wamekimbia kutoka mtaa wa Kaptembwo, na bado walikuwa wakizungumza kama watu waliokaa sebuleni. Huyo mwanamke ndiye mathe aliyesemwa. Jina lake Nerima. Babake alikuja Nakuru kutoka upande wa Bungoma kufanya kazi ya reli, naye Nerima aliuza viatu vya mtumba kando ya barabara huko Kaptembwo. Alivaa tisheti ya kumbukumbu ya harusi ya watu fulani, sketi juu ya suruali ya kubana, na raba za kijani ambazo kabla ya kumfikia zilikuwa zimeshakanyaga miji ya ng'ambo.

Alimtazama Jasleen kuanzia kofia hadi kamba za viatu.

"Dada," akauliza kwa upole, "tunaenda kukimbia ama unahama nyumba?"

Walianza kupanda. Baada ya mita mia mbili vile vichupa vinne vilikuwa vikimgonga Jasleen makalioni kwa zamu. Miwani ilijaa ukungu. Simu iliteleza kutoka begani hadi kiwikoni, na jaketi likageuka bafu la mvuke. Saa ikaanza kulia pi-pi-pi kumwarifu kwamba moyo wake unaenda mbio kupita kiasi.

"Hata mimi najua!" Jasleen akaifokea.

Alifika kwenye mikaratusi ya kwanza akasimama, mikono magotini, akihema kama mvukuto. Wale wawili walishapotea kwenye kona. Aliwaza kurudi nyumbani. Angeoga, angekunywa chai, na Jumatatu angeendelea kuuza raba kama kawaida. Kisha akamwona Nerima anashuka kumfuata.

"Usiende. Tutatembea tu," Nerima akasema. "Mimi siku yangu ya kwanza nilitapika kwa ua wa nyumba ya watu. Mwenye nyumba alikuwa ametoka nje na mswaki mdomoni, akaniangalia tu."

Walitembea. Siku hiyo hawakufika kwenye kreta, lile shimo kubwa la volkano kule juu, lakini walifika mahali ambapo mtu akigeuka anaona mji wote chini na ziwa likimeta kwa mbali. Jasleen alishuka akiwa na malengelenge mawili na furaha asiyoielewa.

Kila Jumamosi iliyofuata aliacha kitu kimoja nyumbani. Wa kwanza kuachwa ulikuwa ule mkanda wa vichupa. Likafuata jaketi, kisha miwani, kisha soksi za kubana. Ile saa ya pi-pi-pi ilikaa wiki tatu kabla ya kubadilishwa na saa ndogo ya plastiki isiyojua lolote isipokuwa wakati. Mwishoni alibaki na raba, soksi nyepesi zisizoshika jasho, kofia, na mkanda mwembamba wenye kimfuko: humo aliweka simu, plasta, na kikopo kidogo cha mafuta ya mgando ya kupaka popote ngozi inaposuguana. Vile vitu alivyokuwa akiwaambia wateja ni vya lazima vilirudi kwenye rafu, na wateja wakaanza kuambiwa ukweli.

Alijifunza mengine kwenye kibanda cha Nerima. Jumatano mchana alipopeleka bidhaa upande ule alipita, akakuta Nerima ameinamia rundo la raba, akibonyeza soli moja moja kwa kidole gumba.

"Raba ni kama mkate," Nerima akamwambia. "Bonyeza. Ikirudi juu, ni ya leo. Isiporudi, hiyo ni ya juzi, hata kama juu inang'ara. Sasa kunja hapa. Inafaa ijikunje kwa vidole, si katikati. Ikijikunja katikati, mguu wako utalia."

Jasleen alibonyeza, akakunja. Miaka saba alikuwa ameuza raba bila kuzishika namna hiyo.

Lakini naye hakuwa mikono mitupu. Aliona kwamba kila wakimaliza kukimbia, Nerima alikuwa akijikuna chini ya matiti, na jasho likifika hapo alikunja uso. Alimuuliza kando. Nerima alisitasita, kisha akasema kwamba huvaa sidiria mbili, moja juu ya nyingine, na mishono humchuna mpaka damu.

Jumatano iliyofuata Jasleen alikuja na sidiria tatu za mbio, pana mgongoni, zisizo na mshono wa ndani. "Jaribu moja moja. Kila moja, ruka mara kumi."

Nerima aliingia nyuma ya pazia la kibanda. Wapita njia walisikia kishindo kimoja, viwili, vitatu. Akatoka macho yamemtoka.

"Hakuna kilichotikisika," akanong'ona. "Jasleen, miaka kumi na mbili nimekimbia nikiwa nimekunja mabega kama mtu anayebeba mtoto. Kumbe dawa iko hapo mjini, kwa kabati lako!"

Nerima hakupenda vya bure, kwa hiyo naye alimchagulia Jasleen jozi ya raba za mtumba zenye meno marefu, za kukimbilia siku za matope. Jasleen alizivaa mvua za Aprili zote.

*

Tejinder hakuelewa habari hizi za kukimbia hata kidogo. "Puttar," alimwambia bintiye, kwa kuwa kwa Kipunjabi ndivyo alivyomwita tangu utoto, "hapa Milimani watu hukimbia wakifukuzwa na mbwa tu." Hata hivyo kila Jumamosi alikuwa kwenye geti la nyumba yao na kikombe cha chai mkononi, kilemba chake kimefungwa sawasawa, akitazama saa. Akiona bintiye amechelewa dakika tano, alitembea hadi kona kuchungulia.

Mwezi wa Juni Akeyo aliwaandikisha wote watatu kwenye mbio za kilomita ishirini na moja ndani ya mbuga ya Hell's Gate, zinazopita karibu na visima vya mvuke anakofanyia kazi. Zilikuwa za Jumapili. Jumamosi jioni Jasleen alikuwa ametandaza vitu vyake kitandani: raba zilizokwishaujua mguu wake, soksi, kofia, kimfuko. Alikuwa akibandika namba kwenye tisheti kwa pini baba yake alipobisha hodi, ameficha kitu mgongoni.

Lilikuwa boksi. Ndani yake mlikuwa na raba za rangi ya machungwa, aina mpya kabisa iliyofika Nairobi wiki hiyo. Alikuwa ameziagiza kimya kimya, akamtuma mtu, akangoja. Saizi arobaini na moja.

"Uvae kesho," akasema. "Uwe wa kwanza Nakuru nzima."

Jasleen alizishika. Zilikuwa nyepesi kama mkate wa boflo. Alibonyeza soli, ikaruka juu. Alimtazama baba yake, ambaye kwa miezi mitano hakuwa amesema neno jema kuhusu mbio, akajua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kulisema.

"Papaji, ni nzuri sana. Lakini siwezi kuzivaa kesho."

"Kwa nini? Ni ndogo?"

"Hapana. Ni mpya. Siku ya mbio huvai kitu kipya hata kimoja, hata soksi. Mguu haujazizoea. Nitazivaa wiki ijayo, nizitembelee kwanza, halafu..."

"Miaka hamsini nimeuza viatu," Tejinder akasema. "Hakuna aliyerudi akasema viatu vyangu ni vipya mno."

Alichukua lile boksi, akasema usiku mwema, akatoka. Jasleen alibaki ameshika pini, moyo umemshuka. Mara mbili alinyanyuka kumfuata akazivae tu, aumie, baba afurahi. Mara mbili akakaa. Angemwambia nini mteja wa kesho kutwa?

Asubuhi, giza bado halijatoka, alipoenda kuwasha gari alimkuta baba yake ameshaketi kiti cha mbele. Alivaa suruali ya michezo ya bluu, kilemba kipya, na miguuni zile raba za machungwa.

"Papaji, unaenda wapi?"

"Kuna matembezi ya familia, kilomita tano. Nimejiandikisha kwa simu." Akanyosha mguu mmoja. "Arobaini na moja ni saizi yangu pia. Na mimi sikimbii, natembea. Sheria yako ni ya wanaokimbia."

Jasleen alicheka mpaka akashindwa kuingiza ufunguo. Walipowachukua Akeyo na Nerima kule Kaptembwo, Nerima alizitazama zile raba kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa.

"Mzee, nikupake mafuta kwa vidole?"

"Asante, mama. Mimi si chapati."

*

Kulipopambazuka walikuwa getini pa mbuga, katika baridi, kati ya mamia ya watu waliokuwa wakirukaruka. Majabali mekundu yalikuwa yanaanza kushika jua. Pundamilia walisimama kwa mbali wakitazama kundi hilo kubwa la wanyama wasioeleweka.

Filimbi ilipolia, Nerima alikwenda zake kama mtu aliyekumbuka ameacha maziwa motoni. Akeyo alimfuata. Jasleen aliwaacha. Alikuwa ameapa kutomfuata mtu, na kilomita kumi za kwanza alizikimbia kwa furaha ambayo angetamani kuiweka kwenye boksi aiuze. Raba zilimtii, na hakuna kilichomgonga wala kumchuna.

Kwenye kilomita ya kumi na tatu, njia ilipoanza kupanda kuelekea kwenye mabomba makubwa ya mvuke, alimkuta mwanamume ameketi juu ya jiwe. Alikuwa mrefu, mwembamba, miguu ya swala, umri wa miaka thelathini hivi. Raba zake mpya za bluu zilikuwa kando yake. Namba yake kifuani ilikuwa na jina: KIPSANG. Kila aliyepita alimpigia kelele.

"Amka Kipsang! Usituangushe!"

"Kipsang, unatungoja sisi ama?"

Jasleen alisimama. "Boss, uko sawa?"

"Nimekufa, madam. Pita tu."

Visigino vyake vyote viwili vilikuwa na malengelenge makubwa kama maharage, moja limepasuka. Jasleen alichuchumaa. "Umekimbia mara ngapi na hizi raba?"

"Leo ndiyo ya kwanza. Nilinunua Alhamisi."

"Wapi?"

"Hapo Nakuru, duka la spoti karibu na soko. Kuna mzee mmoja wa kilemba, mpole sana. Aliniambia, 'Vaa Jumapili, zitakukimbiza zenyewe.'"

Jasleen alifumba macho. Alhamisi alikuwa ameenda kuchukua mzigo, baba akabaki peke yake dukani.

"Huyo mzee ni baba yangu," akasema.

Kipsang alimtazama, akaona hafanyi mzaha, na badala ya kukasirika akaanza kucheka. "Basi duka limenifuata mpaka huku!"

Jasleen alifungua kimfuko chake. Alimwosha visigino kwa maji ya chupa waliyopewa njiani, akavipangusa, akabandika plasta, akapaka mafuta pembeni. Soksi za Kipsang zilikuwa za pamba, zile za kuvaa ofisini, zimelowa chapachapa. Nerima alikuwa amemfundisha Jasleen kubeba jozi moja ya akiba, iliyokunjwa ikawa ndogo kama yai, naye akampa. Zilimbana, lakini zilikuwa kavu. Kisha akazifungua kamba za zile raba za bluu, akazipitisha upya kwenye matundu, akaacha nafasi juu ya kisigino na kulegeza pale mbele. Alifanya hayo yote kwa dakika sita, mikono ikienda yenyewe, huku watu wakipita.

"Lakini wewe," akamuuliza akikaza fundo, "mwanariadha mzima, hukujua?"

"Mwanariadha?" Kipsang akapumua. "Madam, mimi nauza bima. Ofisi yetu iliombwa kutoa mkimbiaji mmoja. Bosi alipitisha kidole kwenye orodha ya majina, akafika kwa langu, jina la Kikalenjin kama la mabingwa wa mbio, kidole kikasimama. Hakuniuliza hata swali. Mimi nimezaliwa Section 58, hapo hapo Nakuru mjini, shule nilienda kwa basi. Mbio yangu ya mwisho ilikuwa ya yai na kijiko, na yai lilianguka. Nikisema sijui kukimbia watu wanacheka, wanadhani najishusha."

"Simama tuone."

Alisimama. Alikanyaga kwa woga, kisha bila woga. "Ai! Hazilumi."

"Zitaluma tena, lakini polepole. Tunakimbia nguzo mbili za umeme, tunatembea moja. Sawa?"

"Na muda wako? Si nitakuchelewesha?"

Jasleen aliitazama saa yake ndogo. Alikuwa amejiwekea lengo, na lengo hilo lilikuwa limeshapita na watu wa dakika sita zilizopita. Alishangaa kuona halimuumi. "Muda wangu uko na wewe," akasema. "Twende."

Walikwenda. Nguzo mbili, moja. Nguzo mbili, moja. Mabomba ya fedha yalipanda vilima na kushuka, mvuke ukinguruma kutoka ardhini kama ndege isiyoruka, na harufu ya kiberiti ikawaingia puani. Kipsang alisimulia habari za bosi wake, na Jasleen akasimulia siku ya vichupa vinne. Kwenye kilomita ya kumi na nane miguu ya Jasleen iligeuka mawe, na sasa Kipsang ndiye aliyehesabu nguzo kwa sauti na kumvuta. Waliwapita akina mama watatu waliokuwa wakiimba nyimbo za kanisani. Baadaye akina mama wale wakawapita wao.

Waliingia mstari wa mwisho pamoja, saa mbili na dakika hamsini na mbili tangu filimbi ilie. Watu wa ofisi ya bima walikuwa wamepanga bango refu. Bosi mwenyewe alikuja mbio, kofia mkononi.

"Kipsang! Sisi tulidhani umepotea njia! Tulikuwa tunatafuta askari wa mbuga!"

"Sikupotea, bosi. Hiyo ndiyo kasi yangu yote."

Bosi akaangua kicheko na kumkumbatia, jasho kwa jasho.

Nerima alikuwa ameshafika zamani, wa pili kati ya wanawake wa miaka zaidi ya hamsini, na zawadi yake ilikuwa jiko la gesi la meko mawili. Alikuwa amelikalia. Akeyo alilala kwenye nyasi kando yake, akijipepea kwa namba yake. Na kati yao, kwenye kiti cha plastiki, aliketi Tejinder Singh, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi. Zile raba za machungwa zilikuwa zimewekwa mbali, kama watoto walioadhibiwa.

"Papaji!"

"Kilomita tatu za kwanza zilikuwa tamu sana," Tejinder akasema kwa heshima zote. "Ya nne nikaanza kusikia kitu. Ya tano huyu mama alinikuta natembea na soksi." Akamwelekezea Nerima kidevu, kisha akatoa mguu mmoja majini. Nyuma ya kisigino palikuwa na lengelenge la kutosha kuwekwa kwenye maonyesho.

Jasleen alimsogeza Kipsang mbele. "Papaji, unamkumbuka huyu?"

Tejinder alimtazama yule kijana, akazitazama raba za bluu, akaona plasta zikichungulia. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alijaribu kuinuka, akakumbuka yumo ndani ya beseni, akaketi tena, akaunganisha viganja.

"Kijana wangu, nisamehe. Nimeuza viatu miaka hamsini, na leo ndiyo mara ya kwanza viatu vimeniuza mimi. Njoo dukani kesho. Nitakupa soksi za kweli, na nitakwambia yale niliyopaswa kukwambia Alhamisi."

"Mzee, usijali," Kipsang akasema, akivuta kiti na kuvua raba. "Hiyo beseni iko na nafasi ya miguu miwili zaidi?"

Ilikuwepo. Nerima aliongeza chumvi.

Jasleen aliketi chini, mgongo ukiegemea jiko la gesi, akala ndizi tatu mfululizo. Mwili wote ulikuwa ukimuuma kwa njia iliyo sawa, bila sehemu moja kujitia umuhimu. Alimwona baba yake akimweleza Kipsang habari za fainali ya hoki ya mwaka fulani, akichora uwanja hewani kwa kidole, na Kipsang akimsikiliza kana kwamba hajawahi kusikia jambo muhimu kama hilo. Akachukua ndizi ya nne.

Jumamosi iliyofuata, kwenye kona ya Milimani, Kipsang alikuwa amefika wa kwanza. Alivaa tisheti ya bima na zile raba za bluu, ambazo alikuwa amezitembelea nyumbani na ofisini wiki nzima. Akeyo alikuwa amerudi kazini Olkaria, lakini Nerima alikuja kutoka Kaptembwo na jirani zake wawili, mmoja akiwa na raba zilizochaguliwa kwa kidole gumba chake Nerima mwenyewe. Tejinder alitoka getini kuwasalimia, amevaa makubazi.

"Mzee, leo hupandi na sisi?" Nerima akamuuliza.

"Wiki ijayo, mama. Raba zangu nazitembelea kwanza, nusu saa kwa siku, uani. Binti yangu amenipa ratiba."

Walianza kupanda, watano kwa mstari, Kipsang mbele kwa mita mia nzima kabla ya Nerima kumpita akimwambia apunguze, mlima hauendi popote. Tejinder aliwatazama mpaka kofia ya Jasleen ikapotea nyuma ya mikaratusi, kisha akageuka kurudi ndani kwa haraka. Alikuwa amewaahidi wote chai wakishuka, na jikoni kulikuwa na maziwa ya watu wawili tu.